Rafu ya Chini

Kwanza niseme ukweli: hakuna mtu aliyeilaumu hospitali kuliko mimi, na niliilaumu kwa sauti. Nililaumu jikoni, nikalaumu kwenye korido, nikailaumu mpaka kwa mlinzi wa getini ambaye hata hakujua nazungumzia nini. "Dawa yetu inafanya kazi," nilimwambia. "Wao ndio hawajui kuitumia." Akanijibu, "Sawa, Mama Panya," akafungua geti niende zangu.

Mama Panya ndiyo mimi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nalea panya wa maabara, wale weupe wenye macho mekundu, na ukitaka kucheka jina langu umechelewa, wenzako wameshacheka mpaka wakachoka. Nawalisha, nawasafishia vizimba, nawapima uzito, najua yupi ana hasira na yupi mvivu. Watu wanapita mlangoni kwangu wameshika pua. Mimi wala. Kila mtu na riziki yake.

Na ninaandika. Nina daftari langu la jalada gumu, siku hizi ni la kumi na nne, na kila panya ana mstari wake: amekula, hajala, amelala upande gani, amemng'ata nani, yuko kizimba gani, rafu ya juu au ya chini. Hakuna aliyeniagiza. Daftari la kazi lipo lingine, lenye safu tatu tu za kujaza, uzito na chakula na sahihi. Hili langu ni langu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba alione.

Dawa yenyewe ilikuwa ya Daktari. Daktari ni mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, mwembamba, si msemaji, anakunywa chai ya baridi kila siku kwa sababu akishamimina anaisahau. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitafuta kitu kimoja. Mtu akipata kiharusi, yaani donge la damu likaziba mshipa kichwani, ubongo haufi wote kwa mpigo. Kuna sehemu inakufa palepale, na pembeni yake kuna sehemu kubwa inayojikongoja, haijafa wala haijapona, inasubiri. Daktari alitaka dawa ya kuilinda hiyo inayosubiri.

Akaipata, au tuliona ameipata. Panya aliyezibwa mshipa akapewa ile dawa, kesho yake unautoa ubongo wake, unaukata vipande vyembamba, unaviloweka kwenye rangi. Palipo hai panakuwa pekundu, palipokufa panabaki peupe. Jamani, vipande vyetu vilikuwa vyekundu! Vyekundu karibu vyote. Na wale waliopewa maji ya chumvi matupu, nusu ya kichwa ilikuwa nyeupe kama chaki. Daktari alinikumbatia siku ile, yeye ambaye hata mkono huutoa kwa kusitasita.

Dawa ikaenda hospitali, ikajaribiwa kwa watu mia mbili. Nusu walipewa dawa, nusu maji ya chumvi, wenyewe hawajui nani kapewa nini. Mwisho wa hesabu walikuwa sawasawa. Waliopewa dawa hawakuwazidi wenzao hata kwa unywele.

Mmoja wa hao mia mbili alikuwa mume wangu, na orodha ilipofunguliwa tukaambiwa alipewa dawa.

Mume wangu ni fundi saa, na mimi mwenyewe namwita Fundi. Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, alikuwa mezani kwake, kibano kikamponyoka, akainama kukiokota, hakuinuka. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, na mwili unamtetemeka. Nilipiga ukelele, majirani wakaja mbio, wakamwingiza kwenye gari. Nikamfunika mablanketi mawili, la kijani na lile la wageni, nikamkumbatia hivyo hivyo saa mbili nzima kwenye foleni ya magari mpaka tukafika. Pale hospitali tukaulizwa kama atakubali kuingia kwenye utafiti. Nilipolisikia jina la dawa nililia kwa furaha. Dawa ya nyumbani kwetu! Nikaweka sahihi kabla hata hawajamaliza kueleza.

Alipona nusu. Anaongea, anatembea na fimbo, utani wake wote umerudi, tena umezidi. Lakini mkono wa kulia haumtii, na fundi saa asiye na mkono wa kulia anakaa mezani kwake kutwa nzima akizitazama saa za watu. Iliniuma, na bado inaniuma. Ndiyo maana niliilaumu hospitali.

Sasa Daktari hakutaka kukata tamaa. Alisema labda dozi ilikuwa ndogo. Ijumaa iliyokuwa inakuja alikuwa aende mbele ya kamati ya utafiti aombe ruhusa ya kujaribu tena: dozi mara mbili, watu mia nne. Wakikubali, dawa inaendelea. Wakikataa, miaka kumi na moja inafungwa kwenye kabati. Mimi nilikuwa upande wake roho na mwili. Jumapili mchana nikamwambia Fundi habari hizo nikijua atafurahi.

Hakufurahi. Alikuwa ameshika saa ya mkononi kwa mkono wa kushoto, akaigeuza mgongo.

"Mke wangu, hii saa hapa mezani inakwenda vizuri," akasema. "Mwenyewe akiivaa, inasimama. Imeletwa mara tatu. Unafikiri niikaze zaidi?"

"Mimi na saa wapi na wapi?"

"Ukiikaza zaidi utakata ule utepe wa chuma wa ndani. Saa ni ileile, kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo namuuliza mwenye saa: unalala nayo? Unaoga nayo? Unaiweka juu ya redio?" Akaiweka chini. "Dawa yenu inakwenda kwa panya, ikifika kwangu inasimama. Nanyi mnataka kuikaza. Haya, nihesabie kila kitu anachofanyiwa panya wako ambacho mimi sikufanyiwa."

Nikaanza kuhesabu. Nilimwambia panya ni kijana, tena mwenye afya, hana kisukari wala shinikizo la damu, wala kitambi.

"Kitambi kimepungua."

"Hakijapungua. Halafu panya anapewa dawa dakika ishirini tu baada ya mshipa kuziba, kwa sababu Daktari ndiye anayeuziba na saa iko mbele yake. Wewe ulipewa baada ya saa tatu na nusu. Halafu panya anakuwa kwenye nusu kaputi, hana habari, wewe ulikuwa macho unaogopa."

"Sikuogopa."

"Uliogopa, Fundi, ulinifinya mkono mpaka ukavimba."

"Haya, niliogopa. Hayo yote Daktari anayajua?"

"Anayajua, yameandikwa, ameyaeleza mpaka kwenye mikutano."

"Basi siyo hayo," akasema. "Jambo ambalo mwenye saa ananiambia mwenyewe, hilo silo. Silo kabisa. Tatizo huwa lile asiloniambia, kwa sababu kwake si jambo. Panya akishapasuliwa, anakwenda wapi?"

"Anakuja kwangu."

"Halafu?"

"Halafu nini? Anarudi kizimbani. Anakula, analala."

"Analala wapi?"

Hapo akanichefua. "Analala kitandani, kwenye mto wa pamba, na neti! Ebo! Fundi, ni panya!"

Akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mimi nikaenda kuosha vyombo nikiwa nimenuna. Lakini swali likishaingia, limeingia. Nilikuwa nasugua sufuria na kichwa kinauliza chenyewe: analala wapi?

Jumatatu asubuhi niliingia chumba changu cha panya kama mgeni. Nilisimama mlangoni nikajilazimisha kuangalia kila kitu nilichozoea kutokukiangalia. Taa ndefu darini. Mlango wa chuma ambao ukiachiwa unabamiza. Kipimajoto cha ukutani, kimetundikwa usawa wa kifua changu, nyuzi ishirini na tatu, kama kila siku. Rafu mbili za vizimba, ya juu usawa wa macho, ya chini usawa wa goti. Na nyuma ya ile ya chini, karibu kabisa na sakafu, tundu la wavu linalotoa hewa ya kiyoyozi.

Nikainama, na magoti yangu haya yakilalamika, nikapeleka mkono kwenye rafu ya chini. Palikuwa na baridi.

Lazima nieleze utaratibu wangu, maana hapa ndipo palipo na mambo. Daktari akimpasua panya, humlaza kwenye mkeka wa joto mpaka azinduke, akapima joto la mwili wake, akaandika. Kisha ananikabidhi. Katika chupa za dawa zimo za aina mbili, A na B, na yeye Daktari mwenyewe hajui ipi ni dawa ipi ni maji ya chumvi. Orodha anayo mfamasia, kaifungia mpaka hesabu iishe. Wanafanya hivyo makusudi, ili mtu asije akapendelea. Safi kabisa. Lakini mimi ni nani? Mimi ni mtu ninayeishi nao. Panya wa chupa A walikuwa wakirudi kwangu wakisinzia kama watu waliotoka kwenye harusi. Wa chupa B wanarudi wanahangaika, wananusanusa, wanatafuta chakula. Na mimi nililelewa kwamba mtu aliyelala haachwi kwenye kelele na mwanga. Kwa hiyo wanaosinzia niliwaweka rafu ya chini, kwenye kivuli, mbali na taa na ule mlango. Wanaohangaika niliwaweka juu niweze kuwatazama wanakula. Nilifanya hivyo tangu siku ya kwanza ya dawa ile. Nilifanya kwa huruma, na nilijisifia.

Nikakitoa kipimajoto ukutani nikakilaza rafu ya chini. Nikaenda kuosha chupa za maji, moja moja, polepole, sitaki kurudi. Niliporudi kilisoma nyuzi kumi na saba.

Lo! Nilikaa chini sakafuni kama mtoto. Maana katika miaka ishirini na miwili ya kuwasikiliza watu wa maabara wakibishana mlangoni kwangu, jambo hili moja nilikuwa nimelisikia mara nyingi: ubongo ukipoa, haufi haraka. Ndiyo maana Daktari ana mkeka wa joto. Ndiyo maana anapima na kuandika, ili baridi isije ikamdanganya. Analinda mlango wa mbele kwa kufuli, na mimi huku nyuma nimefungua dirisha. Miaka yote nimewanyooshea kidole watu wa hospitali. Nyani haoni kundule, ndugu zangu.

Nitasema na hili, ingawa halinipendezi. Nilikirudisha kipimajoto ukutani. Nikajiambia: bado miaka miwili nistaafu, yule binti amepoteza ujana wake kwenye dawa hii, na nani ananiuliza? Hakuna. Nilikaa kimya siku nzima. Nilifika nyumbani nikakaa kimya, na Fundi akaniangalia asiseme kitu, na alivyo na mdomo, kutosema kwake kulinitesa kuliko maneno. Nikawafikiria wale watu mia nne. Kila mmoja ana mtu wake atakayelia kwa furaha akiisikia dawa, kama nilivyolia mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mficha maradhi ningekuwa mimi na kifo kingekuwa cha mtu mwingine.

Jumanne saa mbili asubuhi niligonga kwa Daktari nikiwa na daftari langu kifuani.

"Mama, kama ni likizo, tuzungumze baada ya Ijumaa," akasema bila kuinua macho. Kikombe cha chai kilikuwa kando yake, kimeganda utando juu.

"Si likizo, mwanangu. Nimekuletea kesi."

Nikamweleza yote, kuanzia usingizi wa panya mpaka nyuzi kumi na saba. Alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Miaka yote hiyo?" akauliza.

"Tangu panya wa kwanza."

"Mama, kwa nini hukuniambia?" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alipaza. "Kila wiki tunaonana! Kila wiki nakuuliza hali za panya!"

"Unaniuliza wanaendeleaje, nakwambia wanaendelea vizuri. Hujawahi kuniuliza wanalala wapi." Sikusema kwa kiburi. "Ningekwambia, Wallahi. Sikujua kama ni jambo."

Akavuta daftari. Akafunua, akasoma, akafunua. Nilidhani atanifukuza. Badala yake nikaona uso wake unabadilika, ile hasira inaondoka kidogo kidogo na kitu kingine kinaingia, kile ambacho nadhani ndicho kilichomleta kwenye kazi hii tangu utoto wake.

"Hapa," akasema. "Wiki hii. Umeandika wa chupa B wanne, rafu ya chini. Kwa nini?"

Nikavaa miwani. "Rafu ya juu ilikatika mguu. Ilikwenda kuchomelewa. Wote walilala chini wiki hiyo."

Akainuka haraka, akafungua kabati, akatoa kitabu chake kikubwa, akatafuta tarehe. Akaipata. Nikainama naye. Panya wanne, namba zilezile, na juu ya kila namba mstari mwekundu wa rula, umenyooka.

"Niliwafuta," akasema taratibu. "Orodha ilipofunguliwa walikuwa wa B, wa maji matupu, na bado ubongo wao ulikuwa mzima karibu wote. Nilidhani sikuziba mishipa yao sawasawa, kwamba kosa ni la mkono wangu. Nikawaondoa kwenye hesabu." Akaweka kidole juu ya mstari mwekundu. "Walikuja wakaniambia, mama. Mimi nikawafuta."

Basi tukawa wawili. Sitaki kudanganya kwamba hilo lilinifariji, lakini lilinipa pumzi.

Jumatano tulifanya jaribio. Panya kumi na wawili, sita dawa, sita maji ya chumvi, na nani alale juu na nani alale chini aliamua mfamasia kwa vikaratasi vilivyokunjwa kwenye kopo, mimi nikikatazwa hata kuchagua. Wa juu tuliwawekea mikeka ya joto. Daktari alikuja kila baada ya saa kuwapima, na mimi nilikuwa nikimshikia kipimajoto na kuandika. Wa juu walikuwa na joto lao la kawaida, dawa au si dawa. Wa chini walikuwa wamepoa, dawa au si dawa. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, kama nifanyavyo siku zote, maana kesho yao naijua.

Alhamisi mchana vipande vilikuwa vimepangwa kwenye sahani ya kioo. Mfamasia akaleta orodha yake. Hatukuihitaji. Wa juu wote walikuwa weupe nusu, waliopewa dawa na waliopewa maji. Wa chini wote walikuwa wekundu, waliopewa dawa na waliopewa maji.

"Kumbe," Daktari akasema. Akavuta kiti, akakaa, akaangalia sahani ile kwa muda. "Kumbe dawa yangu ni ya usingizi. Miaka kumi na moja natafuta dawa ya kulinda ubongo, nimepata dawa ya usingizi." Halafu akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, nikamshika kichwa nikakiweka begani kwangu, mwanangu wa watu. Nililia naye. Hatukufichana.

Ijumaa alinichukua twende wote. Sikuwahi kuingia chumba kile, viti vyake vinazunguka. Walikuwa watano, mwenyekiti ni mzee mwenye miwani mizito. Daktari alisimama akasema maneno machache: anaiondoa dawa, na ni kwa sababu hizi. Hakunitupia mzigo. Alisema, "Sikupima joto walikolala, na niliwafuta panya wanne waliokuwa sahihi." Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Mama, kwa nini uliwaweka chini?"

"Walikuwa wamelala, mzee."

Mmoja wao akacheka puani. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kitu, akaomba kuliona daftari langu, na akalisoma kweli, akilamba kidole kila akifunua. Kisha akasema kwamba kuanzia sasa kila maabara ya jengo lile itakuwa na daftari la namna hiyo, na kwamba dawa imefungwa. Ikaisha hivyo, kwa dakika arobaini.

Tulitoka tukasimama kwenye ngazi. Mimi nilikuwa na swali langu, nililishika tangu jana.

"Daktari, sasa kama ni ubaridi unaolinda, si tuwapoze watu? Hatuhitaji dawa."

Akatabasamu, tabasamu la kuchoka. "Wengi wamelijaribu kabla yetu, mama. Kichwa cha panya ni kama limau, ukikiweka penye ubaridi kimepoa. Mtu ni mzigo mkubwa. Mpaka apoe ndani ya kichwa, saa zimekwenda. Halafu mwili wake unakataa, unatetemeka ili ujirudishie joto, na kutetemeka kwenyewe kunamchosha moyo. Kutoka kwa panya mpaka kwa mtu kuna safari." Nikaona macho yake yameshaanza kwenda mbali. "Lakini labda kile kidawa cha usingizi kingezuia kule kutetemeka. Labda. Sijui."

Mawazo yangu yalikuwa yamebaki pale kwenye kutetemeka.

"Na mtu akitetemeka," nikauliza, "ukimfunika?"

"Unamwongezea joto."

"Mablanketi mawili?"

Akanigeukia. Akanitazama, akaelewa, maana siku ile ya Fundi alikuja kututazama wodini na mablanketi aliyaona kitandani. "Mama," akasema, "sijui. Nakwambia ukweli wangu, sijui kama lingebadilisha kitu. Katika wale watu mia mbili hakuna hata mmoja ambaye tuliandika ndugu zake walimfanyia nini njiani. Hatukuuliza." Akanishika bega. "Usijihukumu kwa jambo ambalo hakuna anayelijua."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Panya ambao si wangu niliwaweka penye ubaridi kwa huruma, wakapona. Mume wangu niliyeishi naye miaka thelathini na minne nikamfunika kwa huruma ileile, nikamkumbatia juu yake, saa mbili nzima. Nilikuwa nalia barabarani mchana kweupe na watu wananipisha.

Fundi alikuwa mezani, blanketi la kijani magotini kama kawaida yake. Nilipoliona nikalikamata nikalivuta.

"Wee! Una nini?" Akalishika kwa mkono wake mmoja. Tukavutana, watu wazima wawili na blanketi.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, rafu, panya wanne, kamati, na mwisho nikamwambia mablanketi. Nikasema, "Labda mimi ndiye niliyeuua mkono wako."

Akaacha kuvuta blanketi.

"Nilikuwa natetemeka?" akauliza.

"Ulikuwa unatetemeka."

"Basi nilikuwa nasikia baridi, mke wangu. Na ungeniacha hivyo, leo majirani wangekuwa wanasimulia: Fundi alianguka, mkewe akamnyima hata shuka." Alitaka nicheke, sikuweza. Naye macho yalikuwa yamemjaa maji, akayafuta kwa ncha ya blanketi. "Sikiliza. Daktari anajua kama ni blanketi?"

"Anasema hajui. Hawakuandika."

"Watu mia mbili, na hawakuandika?"

"Hawakuuliza."

Uso wake ukawa ule wa zamani, wa saa iliyoletwa mara tatu. Alinyoosha mkono wa kushoto kwenye mkoba wangu, akatoa daftari, akalifungua ukurasa mtupu uliofuata panya wa Alhamisi, akalisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.

"Mimi mkono wangu hauandiki," akasema. "Andika wewe. Wa kwanza."

Nilishika kalamu. Nikaandika: Fundi, miaka sitini, kiharusi, gari la jirani, saa mbili. Nikasimama.

"Endelea," akasema.

Nikaandika: mablanketi mawili.

"Weka na rangi," akasema Fundi. "Hatujui kipi ni jambo na kipi si jambo."

Nikaandika: la kijani, na lile la wageni.